Mtoto Aliaye Asubuhi ya Skuli

 

Mengi husemwa katika miji yetu ya pwani juu ya masomo ya watoto: ada, vitabu, sare, mitihani, nani amepita na nani ameanguka. Yote hayo ni haki kusemwa. Lakini liko jambo moja ambalo ni nadra kulisikia likitajwa barazani wala msikitini, nalo ni hali ya moyo wa mtoto mwenyewe awapo skulini. Je, yu katika furaha au yu katika khofu? Anaye mwenzi wa kucheza naye, au hujitenga ukutani mpaka kengele ilie? Humwamini mwalimu wake kiasi cha kumwambia lililomsibu, au humwona kama askari? Darasa letu la leo ni juu ya jambo hilo, na khasa juu ya watoto wa skuli za msingi, wale wa miaka sita hata kumi na miwili, ambao hawajapata bado maneno ya kulieleza lililomo nyoyoni mwao.

Sisi wazee huifikiri skuli kama duka. Twapeleka mtoto na pesa, twangoja tupewe elimu. Kwa mtoto skuli si duka; ni mji. Una wakubwa wake na wanyonge wake, una mabaraza yake chini ya mwembe, una majina ya heshima na majina ya kejeli, una sheria zisizoandikwa ambazo mgeni akizivunja hupata adhabu. Mtoto huingia katika mji huo saa mbili asubuhi, hutoka saa tisa u nusu, na baba yake hajui hata jina la mtu mmoja anayekaa naye humo. Tungeambiwa kuwa kijana wetu amehamia mji wa mbali tungeuliza: anakaa na nani, majirani zake ni watu gani? Juu ya skuli hatuulizi.

Na mji huu umesongamana. Tangu ada za skuli za msingi za serikali zilipoondolewa mwaka 2003, watoto waliingia kwa wingi, na hilo ni jambo la kheri kubwa, kwani wengi wao ni watoto wa maskini waliokuwa wakikaa nyumbani. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kadiri hiyo. Tena tangu mwaka 2023 gredi ya 7 hata ya 9 ziliwekwa katika nyua za skuli za msingi, ikawa mtoto wa miaka sita hukutana na kijana aliyeota ndevu kwenye mfereji mmoja wa maji na mlango mmoja wa choo. Silaumu mtu kwa hilo. Nasema tu kwamba mzazi na alijue.

Sasa nataka tuangalie namna khofu ya mtoto inavyosema, kwa sababu haisemi kwa ulimi. Mtu mzima mwenye dhiki husema: nina dhiki. Mtoto husema: tumbo laniuma. Wala hasemi uwongo. Tumbo lamuuma kweli, kwani khofu hukaza matumbo na kichwa na koo, na kila mmoja wetu aliyewahi kungoja khabari ya mgonjwa usiku alijua hilo katika mwili wake. Mwengine huanza tena kukojoa kitandani baada ya kuwa aliacha. Mwengine hung'ata kucha, huweweseka usingizini, humpiga mdogo wake bila ya sababu, au hurudi kusema kitoto kama aliye na miaka mitatu. Mwengine hunyamaza, na huyu ndiye wa kukhofiwa zaidi, kwa sababu watu humsifu kuwa ametulia.

Mama mmoja alinijia na mwanawe wa miaka minane akitaka nimwandikie kombe. Akaniambia kuwa mtoto amepatwa na kitu: kila asubuhi tumbo humsokota, hulia, hutapika chai, na usiku amerudi kulowesha tandiko. Jirani walikuwa wamekwisha kumwambia kuwa ni kijicho, kwa kuwa mtoto alisifiwa kwa kusoma. Nikamuuliza, "Ijumaa usiku na Jumamosi, tumbo lake huwaje?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Siku hizo, sheikh, haliumi." "Na likizo?" "Likizo yote alikuwa mzima." Nikamwambia, "Basi, dada yangu, ni jini gani huyu afuataye ratiba ya skuli?"

Sikumwandikia kombe. Nilimsomea mtoto Fatiha na sura mbili za kujikinga, kama ilivyo katika Sunna, na nikamwambia mama ampeleke kwanza zahanati apimwe choo na mkojo, kwa sababu minyoo na maradhi ya mkojo nayo huumiza tumbo, na si busara kudhani khofu mahali palipo na ugonjwa. Alipokwisha kupimwa na kuonekana mzima, nilikaa na yule mtoto barazani, mama yake akiwa ndani ya dirisha akituona, nikamuuliza juu ya mpira, juu ya paka wao, juu ya rafiki zake, mpaka mwisho akasema mwenyewe. Kulikuwa na wavulana wakubwa wakisimama penye mlango wa choo. Aliyetaka kuingia hutoa pesa zake za sambusa, na asiyekuwa nazo huitwa jina ambalo sitaliandika hapa. Mtoto alikuwa hajaingia choo cha skuli muda wa mwezi mzima. Alikuwa hanywi maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda, akajizuia mchana kutwa, na mwili ukalipiza usiku.

Angalieni, ndugu zangu. Kama ningeliandika kombe, mama angelipa, mtoto angelikunywa, na Jumatatu wale wavulana wangelikuwa mlangoni vile vile. Huu ndio ubaya wa kuliendea kila jambo kwa hirizi na talasimu: si kwamba ni upotofu katika dini tu, bali humfunga mtu macho asione kilichopo mbele yake. Kijicho ni haki, na dua ni silaha ya muumini, wala sipingi. Lakini aliyetuamrisha kuomba dua ndiye aliyetuamrisha kufunga ngamia.

Mwalimu wa darasa alipoambiwa alisikitika sana. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na watoto zaidi ya sitini na hakuwa na macho ya kutosha. Walipanga awepo mwalimu wa zamu karibu na vyoo wakati wa mapumziko, mtoto awe na wenziwe wawili wa kwenda nao, na wazazi wa wale wakubwa waitwe. Haikwisha kwa siku moja. Ilichukua karibu muhula mzima kabla ya mtoto kula chai yake bila ya kuitapika.

Huenda mtu akasema: haya ni mambo madogo ya watoto, na sisi pia tulionewa, tukakua. Namjibu kwa khabari iliyomo katika Bukhari na Muslim. Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo wa kuitwa kwa jina la Abu Umayr, naye alikuwa na ndege mdogo akicheza naye. Ndege akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiingia nyumba ile, akamwona mtoto na huzuni, akamwita kwa jina lake la heshima, kama vile waitwavyo watu wazima, akamuuliza khabari za ndege wake. Huyu ni mtu aliyekuwa na mambo ya dola na vita na wahyi juu ya mabega yake, naye alikuwa na nafasi ya ndege wa mtoto. Hakumwambia kuwa ni ndege tu. Hakumwambia kuwa mwanamume halii. Maulamaa wametoa mafunzo mengi katika hadithi hii fupi, hata wako waliohesabu hadi sitini. Mimi natosheka na moja: kipimo cha msiba wa mtoto ni moyo wa mtoto, si moyo wetu.

Na huyo Anas alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utotoni, akaja kusimulia uzeeni kwamba hakupata kuambiwa hata neno la kuchoka, wala kuulizwa kwa ukali kwa nini kafanya hili na kwa nini hakufanya lile. Mtu amepita miaka themanini na zaidi na bado akumbuka alivyosemezwa alipokuwa mtoto. Tujiulize watoto wetu watakumbuka nini juu yetu.

Hapa yanipasa kuingia katika jambo la fimbo, ingawa najua si wote watakaopendezwa. Serikali ya Kenya ilikataza kupigwa watoto skulini mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010 ikalitia nguvu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikasema wazi kwamba mwanafunzi asiadhibiwe mwilini wala asiteswe akilini. Na kumtesa akilini ni pamoja na kumtahayarisha mbele ya wenziwe na kumwita mjinga kila siku. Juu ya hayo yote fimbo ingali ikitembea katika baadhi ya skuli, na katika vyuo vyetu vya Kurani ingali ikitembea zaidi, na baadhi ya wazazi wenyewe humkabidhi mtoto kwa mwalimu kwa maneno ya kumruhusu ampige atakavyo.

Wapo wasemao kuwa sheria hiyo imetoka kwa Wazungu. Hawa na wamsome Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 1406, kabla ya Mreno yeyote kuiona Mombasa. Katika Mukadima yake ameweka mlango khasa kueleza kuwa ukali kwa wanafunzi huwadhuru. Asema kwamba aliyelelewa kwa kuonewa nguvu, nafsi yake hubanika, uchangamfu wake huondoka, huwa mvivu, tena hujifunza uwongo na hila ili auepuke mkono uliomwinukia, mpaka uwongo ukawa ndiyo tabia yake. Nani kati yetu asiyemjua mtoto wa namna hii? Tumempiga aache uwongo, kumbe tulikuwa tukimfundisha.

Na wako watakaoniletea hadithi ya kuamrishwa watoto sala wakiwa na miaka saba na kupigwa kwa ajili yake wakiwa na kumi. Hadithi hiyo naijua. Lakini na waihesabu vizuri. Kati ya saba na kumi iko miaka mitatu, na sala ni mara tano kwa siku, kwa hivyo ni maelfu ya mara za kuambiwa kwa upole kabla ya jambo lolote jingine. Tena ni juu ya nguzo ya dini, si juu ya hesabu za kutoa wala kuchelewa kengele. Na maulamaa walioruhusu waliweka sharti kuwa isiwe ya kuumiza, isiwe usoni, wala isiwe kwa hasira. Aliyepiga mtoto wa miaka saba kwa sababu amesahau herufi hana hoja katika hadithi hii. Na katika nchi yetu, mwalimu aliyevunja sheria amevunja pia ahadi aliyoitia mkono alipopewa kazi, na kutimiza ahadi ni wajibu wa Kiislamu.

Liko jambo la mchezo nalo. Hebu mfuate mtoto wa mji wetu siku moja. Huamshwa alfajiri, saa mbili yuko darasani, saa tisa u nusu hutoka, saa kumi yuko chuoni mpaka karibu na magharibi, baada ya isha yuko kwenye kazi za nyumbani, na wengine huletewa mwalimu wa ziada. Jumamosi ni chuo asubuhi. Imam Ghazali katika Ihya ameusia kwamba mtoto akitoka kwa mwalimu aruhusiwe kucheza mchezo mzuri apumzike na taabu ya masomo, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa kusoma daima huua moyo wake na kuitia akili yake butu, mpaka atafute hila ya kukimbia elimu yote pamoja. Huyo ndiye Ghazali, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa kupuuza dini. Basi walimu wa vyuo tukutane na wazazi tuitazame saa ya mtoto kwa jumla, maana kila mmoja wetu huiona sehemu yake tu na kuiona ndogo.

Nyumbani je? Mtoto akirudi, swali letu la kwanza ni: umekuwa wa ngapi? Aliyekuwa wa kwanza hujivuna, aliyekuwa wa arubaini hufunika karatasi. Hata mtihani ukibadilika jina, kama ulivyobadilika mtihani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, swali letu halijabadilika. Mimi naona yafaa swali la kwanza liwe: leo ulicheza na nani? Likijibiwa kwa wepesi, alhamdulillahi. Likijibiwa kwa kimya siku tatu mfululizo, kuna jambo. Na msimuulize mtoto uso kwa uso kama kadhi na mshitakiwa. Muulizeni mnapochambua mchele, mnapokwenda sokoni, taa ikizimwa usiku. Ulimi wa mtoto hufunguka mikono ikiwa na kazi.

Mtazameni Nabii Yaakub. Yusuf alikuwa mdogo, akaja na ndoto ambayo wengi wetu tungeicheka. Baba yake akamsikiliza mpaka mwisho, akamwita kwa neno la upendo, kisha akamwonya asiwasimulie ndugu zake. Maana yake ni kwamba alikuwa akijua yaliyokuwapo kati ya watoto wake. Hakusema kuwa ni ndugu, watapatana wenyewe. Na ndugu walipotaka kumtoa mtoto mikononi mwa baba yao, hila waliyoitumia ni mchezo: apelekwe nasi, ale, acheze. Basi sura nzima ya Kurani imesimama juu ya mtoto aliyetendwa na wakubwa wake mahali ambapo mzazi haoni, nasi twasema uonevu wa skulini ni mambo ya kitoto!

Nawataja kwa haraka watoto wa aina mbili. Wa kwanza ni yule asemwaye mjinga ilhali haoni ubao au hasikii vizuri kwa sikio litokalo usaha. Kabla ya kumhukumu, apimwe macho na masikio. Wa pili ni aliyefiwa, au ambaye wazee wake wameachana, au ambaye mama yake amekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani akamwacha kwa bibi. Hawa ni wengi pwani, na huambiwa washukuru kwa kuwa pesa zinakuja. Mtume alizaliwa baba yake amekwisha kufa, akafiwa na mama akiwa na miaka sita, na babu akiwa na minane. Watu wa sira wamesimulia kuwa babu yake Abdul-Muttalib alikuwa akitandikiwa kivulini mwa Kaaba, na wanawe hawakai hapo kwa heshima yake. Mtoto akaja akakaa, ami zake wakataka kumwondoa, babu akawakataza, akamkalisha karibu yake akampapasa mgongo. Mwalimu anayejua kwamba katika darasa lake yuko mtoto wa namna hii, na akamweka mbele, akamtuma chaki, akamwita kwa jina lake, amefuata kitendo hicho.

Mwisho ni jambo zito, nalo nitalisema wazi. Ikiwa mtoto ameanza kumkhofu mtu mmoja makhsusi, awe wa skulini, wa chuoni au wa nyumbani, akikataa kubaki naye, akiwa na maumivu asiyotaka kuyaonyesha, au amepewa zawadi akaambiwa asiseme, msimkaripie na msimwambie amemzulia mtu wa heshima. Mwaminini kwanza, mkamfikishe hospitali, na polisi au afisa wa watoto wakaambiwe. Iko pia nambari 116, hupigwa bure mchana na usiku kwa ajili ya watoto. Desturi yetu ya kukaa wazee wawili watatu wakasuluhisha kwa fidia na kufunika kwa jina la sitara si sitara ya Kiislamu. Sitara ni kwa aliyejidhulumu nafsi yake, si kwa aliyemdhulumu mtoto wa mtu na kesho atamwendea mwengine. Na mtoto ambaye huzuni imemshika wiki nyingi, hali, halali, au anazungumza juu ya kufa, apelekwe kwa daktari kama apelekwavyo mwenye homa. Si wazimu, wala si aibu ya ukoo.

Kwa mambo mengine yote, mlango wa kwanza ni mwalimu wa darasa, kisha mwalimu wa ushauri nasaha, kisha mwalimu mkuu. Nendeni kwa salamu na kwa miadi, si kwa kelele langoni, kwani mtoto ndiye atakayebaki humo mkiisha kuondoka. Sheria ya mwaka 2013 imeweka chama cha wazazi katika kila skuli, na humo ndimo mambo ya vyoo, ya zamu za mapumziko na ya maji ya kunywa yawezapo kusemwa na kuandikwa. Nimepata kuhudhuria mikutano hiyo. Viti hujaa mabuibui, na kanzu huhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Akina baba, mkutano huwa asubuhi, nanyi mwasema mko kazini. Lakini mwenziwenu akifiwa, duka hufungwa nusu siku bila ya mashauri.

Darasa lijalo, inshallah, litakuwa juu ya mtoto mwenye kigugumizi, na namna ya kumsomesha Kurani bila ya kumtahayarisha. Mwenye swali juu ya hilo na alilete baada ya sala ya isha.